Dobi, Wifi Yake na Bega la Mwalimu

Watu walimwita Dobi, hata wanawe walimwita hivyo wakitaka kumtania, naye hakuwahi kulikataa jina hilo. Alifua na kupiga pasi nguo za hospitali kwa miaka ishirini na sita, katika chumba cha chini kilichojaa mvuke, ambamo mwenzako akisimama hatua nne mbele yako unamwona kama kivuli. Mimi nilimjua baadaye sana, miaka yake ya mwisho ya kuhudumia wagonjwa majumbani, alipokuwa akinifundisha kazi hiyo, na mengi ya haya niliyasikia kwake mwenyewe, mengine kwa waliokuwapo.

Mikono yake ilikuwa mikubwa, ncha za vidole zimeparara kwa dawa za kufulia, na ilijua mambo mengi ambayo mdomo wake haukuwa na maneno ya kuyaeleza. Kubwa kuliko yote, alijua kubadilisha shuka la kitanda huku mgonjwa amelala juu yake, bila kumnyanyua na bila kumwumiza. Hiyo haikuwa kazi yake pale hospitalini. Lakini kila asubuhi alipeleka mashuka safi wodini, akawa anawatazama wauguzi, wenye mkono mwepesi na wenye mkono mzito, akajifunza kwa wote.

Mwaka aliostaafu, mumewe alifariki. Wanawe walikuwa wameshatawanyika na familia zao. Alikaa nyumbani miezi mitatu akifua mapazia yale yale, mpaka jirani akamwambia kwamba mtaa wa pili kuna chama kinachowatembelea wagonjwa wasioweza kutoka vitandani, na kwamba kinatafuta watu wa kujitolea. Asubuhi iliyofuata alivaa gauni lake zuri, akaenda.

Siku hiyo aliisimulia mara nyingi baadaye, na kila mara uchungu ulizidi kidogo. Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Katibu wa wakati huo alikuwa akiandika, wala hakuinua macho. Alimwuliza tu alikuwa akifanya kazi gani zamani, na alipojibiwa akanyoosha kalamu kuelekea mlango wa nyuma, akasema amekuja wakati mzuri, maana kuna mashuka pale uani. Ndiyo ilikuwa karibu yake. Hakuulizwa jina wala anakotoka. Gauni zuri likalowa hadi magotini. Wiki ya tatu mtu alitaka kumwita kutoka ndani, hakujua aite nani, akaita Dobi, na jina likakwama hapo.

Miaka kumi na mmoja ilipita hivyo katika chama hicho. Alianza kwenda majumbani siku moja mhudumu mwingine aliposhindwa kutokea, na tangu hapo hakurudi uani ila siku za mashuka mengi. Hakuna aliyemwelekeza, hakuna aliyemfuata kuona anavyofanya. Mgonjwa wake wa kwanza kufariki alikuwa seremala mzee, na alikata roho saa nne asubuhi, vidole vyake vikiwa ndani ya kiganja cha Dobi. Mchana huo huo Dobi alitumwa nyumba nyingine. Akaenda, akafanya kazi yake yote, akarudi kwake, akakaa kitandani na viatu miguuni mpaka miguu ikafa ganzi. Kesho yake hakuna aliyemwuliza kitu. Akachukulia kwamba ndivyo kazi ilivyo.

Sasa kuna huyu wifi yake, dada mdogo wa marehemu mumewe. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na alikuwa ameuza tiketi kituo cha mabasi kwa miaka mingi mpaka akazoea kuongea na kila mtu kama aliyesoma naye. Dobi hakumchukia. Alimwonea wivu tu, tangu siku ya harusi yake mwenyewe, wifi alipoingia ukumbini akiwa na miaka kumi na tisa, na nusu ya wageni wakageuza shingo wakamsahau bibi harusi. Ikawa hivyo miaka yote. Dobi angepika tangu asubuhi, wifi angefika saa ya kula akasema neno moja la kuchekesha, na watu wangeondoka wanakumbuka lile neno.

Hata msibani ilikuwa hivyo. Dobi si mtu wa kulia mbele za watu, basi hakulia. Wifi alilia mpaka wanawake watatu wakamshika. Waliokuja kutoa pole wakampita mjane aliyekaa wima mkekani, wakaenda kumbembeleza dada. Hilo Dobi hakumwambia mtu. Alilikunja vizuri, akaliweka.

Mwaka wa kumi na mmoja wifi naye alistaafu, akahamia karibu, akawa anapita kwa Dobi mara kwa mara. Kwa mara ya kwanza Dobi alikuwa na kitu cha kumringia. Alimweleza habari za chama, na zaidi habari za Mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu aliyepata kiharusi, upande wa kushoto ukafa na maneno yakawa yanamtoka kwa taabu. Aliishi na binti yake, ambaye mchana alikuwa kazini. Kwa miaka saba, kila Jumanne na Ijumaa, ni Dobi aliyemwogesha, akamgeuza, akambadilishia shuka. Alimwita "Mwalimu wangu". Wifi alisikiliza mpaka mwisho, maana kusikiliza alijua, kisha akasema na yeye atakuja. Dobi alicheka, akadhani ni maneno ya mdomoni. Jumatatu wifi alikuwa mlangoni mwa ofisi.

Bahati mbaya yake Dobi, mwezi huo huo chama kilikuwa kimepata mratibu mpya, kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye haraka. Alipopekua makaratasi aligundua kwamba watu kumi na wanne walikuja kujitolea mwaka uliopita, na tisa kati yao walikuwa wametoweka kabla ya miezi mitatu, na hakuna aliyejua sababu kwa kuwa hakuna aliyewauliza. Akaamua kwamba anayekuja kutoa moyo wake asipokewe kama gunia la kushushwa.

Kwa hiyo wifi alikaa na mratibu saa nzima, chai mezani. Dobi alikuwa uani akianika, na dirisha lilikuwa wazi. Alisikia wifi akiulizwa jina lake kamili, na angependa aitweje. Aliulizwa anapenda kufanya nini, ataweza siku ngapi kwa wiki, na ni kitu gani hawezi kukivumilia. Wifi alisema hawezi kuona damu. Mratibu aliandika, akamshukuru kwa kusema mapema, akamhakikishia hatapelekwa penye vidonda. Akamwambia kutakuwa na wiki sita za kujaribiana, yeye akikitazama chama na chama kikimtazama yeye, na kwamba siku yoyote ana ruhusa ya kusema hapana. Mwisho akampa aproni iliyoshonwa jina lake kifuani.

Dobi alisimama na shuka mkononi, maji yakimdondokea viatuni. Angalisema hapana mara ngapi katika miaka kumi na mmoja, laiti angalijua kwamba hapana ni neno linaloruhusiwa? Kipya kinyemi ingawa kidonda, alijiambia, lakini methali haikumsaidia. 

Kisha mratibu akatoka uani akitabasamu. Alimweleza kwamba kila mgeni sasa atakuwa na mwenyeji wa kumfuata, na kwa kuwa wao ni mawifi, amemchagua yeye. Alidhani anampa heshima. Dobi alikubali kwa mdomo.

Kwa Mwalimu, Dobi alikuwa na mwendo wake. Alisalimu, akafungua dirisha, akachemsha maji, akamwogesha, akamgeuza, akabadilisha shuka, akamchana nywele, akaaga. Saa moja na robo, na shuka halina kunjo hata moja. Wifi alitazama siku mbili za kwanza. Siku ya tatu, Dobi alipokuwa akikamua kitambaa kwenye beseni, wifi alivuta kiti karibu na kitanda akamwuliza Mwalimu ni mwanafunzi gani aliyemsumbua kuliko wote.

Mwalimu alianza kueleza, neno moja moja, mdomo umeinama upande. Wifi hakumsaidia wala hakumkatiza. Alisubiri kila neno kama mtu anayelijua basi lake, kwamba huchelewa lakini hufika. Na hadithi ilipofika mahali pake, Mwalimu akacheka. Kicheko kilikuwa kizito, cha kutoka tumboni. Katika miaka saba Dobi hakuwahi kukisikia, wala hakujua kwamba kimo mle ndani. Alikamua kile kitambaa mpaka kikabaki kikavu kama karatasi.

Ijumaa moja wifi alikuwa na miadi ya meno, Dobi akaenda peke yake. Mwalimu alitazama mlangoni, nyuma ya bega la Dobi.

"Mwenzako haji leo?"

Dobi akamweleza habari ya meno. Mwalimu akasema, "Aa," akafumba macho.

Hiyo "aa" Dobi alitembea nayo wiki nzima. Akiwa anapika ilikuwapo, akiwa anapiga pasi ilikuwapo.

Mwisho wa mwezi mratibu aliwakusanya wote kwenye ukumbi mdogo wa shule jirani. Alitaka kuwashukuru waliojitolea, mmoja mmoja kwa jina, na kutaja kila mtu amefanya nini. Watu kama arobaini walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Jina la wifi lilisomwa la pili, watu wakapiga makofi. Dobi alinyoosha kitambaa chake cha kichwani akasubiri. Yalisomwa majina, yakasomwa, mratibu akakunja karatasi. Orodha ilikuwa imeandikwa kutokana na fomu, na Dobi hakuwahi kujaza fomu, kwa sababu yeye aliingia kabla ya wote, enzi za yule katibu, ambapo hakukuwa na fomu.

Angeweza kulimeza hilo kama alivyomeza mengine. Lakini wifi alisimama, akauliza kwa sauti, "Na wifi yangu je?"

Mratibu alishika kichwa. Aliomba radhi mara tatu, kwa dhati kabisa, kisha mbele ya watu wote akamwuliza Dobi jina lake kamili ni nani. Alilitaja. Watu wakapiga makofi mengi kuliko waliyompigia mtu yeyote, na Dobi akayasikia kama makofi ya kumpigia mtoto aliyepotea akaokotwa. Kati ya watu wote duniani, aliyemwokota alikuwa wifi. Mratibu alimwomba apite ofisini kesho yake kujaza fomu. Hakupita. Mratibu naye alikusudia kumfuata, akazongwa na mambo mengine, siku zikapita.

Wiki ya saba ilipofika, wifi alipangiwa kwenda kwa Mwalimu peke yake. Jumatatu jioni alikuja kwa Dobi na daftari. Dobi alikuwa akipiga pasi.

"Wifi, kesho niko peke yangu," alisema. "Kuna kitu nimesahau kukuuliza?"

Kilikuwapo. Bega la kushoto la Mwalimu, upande uliokufa, lilikuwa limelegea kwenye kiungo chake. Hakuwahi kugeuzwa kwa upande ule, wala kuvutwa kwa mkono ule. Siku zote Dobi alimgeuza kuelekea ukutani. Siku zote wifi alikuwa amesimama upande mwingine, akaona Mwalimu anageuzwa, asione kwamba upande una maana. Dobi alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

"Hakuna," alisema. "Umeona kila kitu."

"Kweli?"

"Si unapendwa? Mwenyewe atakuelekeza."

Wifi akacheka, akadhani ni utani wa mawifi. Akafunga daftari, akaenda zake.

Dobi aliniambia kwamba alichotamani kilikuwa kitu kidogo. Alitamani shuka lililokunjamana, Mwalimu akinuna, ujumbe ukija kwamba aletwe Dobi. Kuumia kwa mtu hakukuwamo katika picha aliyoichora. "Hivyo ndivyo nilivyojiambia," alisema, "na ni kweli. Lakini bega nilikuwa nalijua."

Jumanne, kabla ya adhuhuri, habari zilimfikia. Wifi alikuwa amemgeuza Mwalimu kuelekea dirishani, na kwa kuogopa asianguke, akamvuta kwa mkono wa kushoto. Bega likatoka. Mwalimu alitaka kusema, lakini maumivu yalipomshika maneno yalimkimbia yote, akabaki na mlio mmoja tu, na wifi hakuuelewa mpaka alipouona mkono unavyoning'inia. Binti akaitwa kazini. Mwalimu alipelekwa hospitali, bega likarudishwa, akafungwa bandeji ya kukaa nayo wiki sita.

Wifi alimwambia binti, na mratibu, na kila aliyeuliza, kwamba kosa ni lake. Alirudisha aproni ikiwa imefuliwa, akaacha kutoka nyumbani. Kwamba alikuwa ameuliza, na kwamba alijibiwa hakuna, hakumtajia mtu.

Mratibu alimfuata kwake Jumatano, akarudi tena Jumamosi. Jirani ndiye aliyemletea Dobi hadithi hiyo, jinsi kijana alivyokaa pale karibu saa mbili, akamwambia wifi kwamba kumpeleka mtu peke yake bila maelezo yaliyoandikwa ni kosa la chama kabla halijawa lake.

Na hapa sitaficha, kwa sababu yeye mwenyewe hakuficha. Jambo la kwanza alilolisikia Dobi moyoni halikuwa majuto. Lilikuwa wivu. Seremala alifia mkononi mwake, hakuna aliyekuja hata mlangoni kumwuliza umelalaje. Huyu ameumiza mtu, anafuatwa mara mbili kwa wiki. Alilifikiria hilo akiwa amesimama jikoni na kikombe mkononi, na ghafla akajisikia anavyofikiri. Akaweka kikombe chini. Mwanamke aliyekuwa analia peke yake mtaa wa pili, aliyemtumbukiza humo ni yeye, na bado alikuwa anamwonea wivu hata machozi yake.

"Nilijiogopa," aliniambia. Alivaa viatu akaenda ofisini.

Mratibu alimkaribisha kiti. Dobi alisema atazungumza akiwa amesimama.

"Aliniuliza kama kuna kitu cha kujua," alisema. "Habari ya bega nilikuwa nayo. Nikamwambia hakuna. Sikusahau, nilinyamaza makusudi."

Mratibu aliuliza, "Kwa nini, mama?"

Basi yule mwanamke asiyependa maneno akasema nusu saa nzima. Alisema habari ya kalamu iliyonyooshwa kuelekea uani, na gauni, na seremala. Alisema habari ya chai aliyoiona dirishani, na fomu, na makofi. Alisema mengine ambayo hayakuhusu chama hata kidogo, ya harusini na ya msibani, na kijana yule aliyasikiliza yote bila kuandika neno.

"Mimi hapa sikuulizwa hata jina," alimalizia. "Yeye mmemwuliza mpaka anachokiogopa. Na mimi nina ninachokiogopa."

"Ni nini, mama?"

"Sasa ndiyo unaniuliza."

Mratibu aliinamisha kichwa. Alipokiinua, hakumbembeleza. Alimwambia kosa la bega ni lake na hawezi kumpunguzia. Hatakwenda kwa mgonjwa yeyote mpaka aambiwe. Na atakwenda yeye mwenyewe kumweleza Mwalimu kwa kinywa chake, na wifi vilevile.

"Lililobaki ni letu," alisema. "Nilikuona wewe ni nguzo ya nyumba hii, na nguzo huwa haiulizwi kama imechoka. Hapo nilikukosea."

Dobi alikwenda kwa Mwalimu siku hiyo hiyo, miguu isije ikabadili nia. Alimkuta amelazwa kwenye mito, mkono umefungwa kifuani. Akasema alichokuja kusema. Binti, aliyekuwa amechukua likizo, alitoka chumbani kwa hasira akaubamiza mlango. Mwalimu alibaki anamtazama, na maneno yalichukua muda kujipanga.

"Wivu," alisema hatimaye. "Kwa ajili yangu mimi. Kizee cha kitandani."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Miaka saba unakuja. Kazi yako safi. Lakini hujawahi kukaa. Hata siku moja."

"Sikujua kama inaruhusiwa."

Na ilikuwa kweli. Katika chumba cha kufulia, aliyekaa wakati wa kazi aliandikwa jina kwa msimamizi. Dobi aliingia kwenye chama na miguu ile ile ya kusimama, na kwa miaka kumi na mmoja hakutokea mtu wa kumwambia kwamba kukaa na mgonjwa nako ni kazi.

"Kaa," Mwalimu alisema, kwa sauti ya darasani.

Akakaa. Hawakuzungumza sana. Alipouliza kama amesamehewa, Mwalimu alisema bega bado linauma, likiacha kuuma atamwambia.

Kwa wifi palikuwa pagumu zaidi. Alifungua mlango, akasimama mlangoni pale pale, mkono kwenye kizingiti. Alikuwa amekonda, nywele hazijachanwa. Alimsikiliza Dobi mpaka mwisho kama kawaida yake.

"Siku kumi najiambia mikono yangu ina laana," alisema. "Simwogeshi mtoto wa binti yangu, naogopa kumshika. Na wewe uko mtaa wa pili, unajua."

Akafunga mlango polepole, bila kuubamiza. Dobi aliniambia angependa angeubamiza.

Miezi miwili Dobi hakugusa mgonjwa. Lakini mratibu hakumwacha akae nyumbani tu. Alimwita ofisini alasiri tatu mfululizo, akakaa na kalamu, akamwomba amweleze wagonjwa wote ishirini na wawili: nani halali ubavu gani, nani huona aibu kuvuliwa nguo na mtu mgeni, nani hataki dirisha lifunguliwe, nani husema hana njaa huku anayo. Yote yalikuwa kichwani mwa Dobi, na angalikufa yangalizikwa naye. Siku hizi kila nyumba ina karatasi ukutani karibu na kitanda, na hakuna anayekwenda peke yake kabla hajaisoma mbele ya mwenyeji wake.

Mratibu aliwaita na wale wa zamani wote waliokuwa bado chamani, tisa kwa idadi, akakaa na kila mmoja saa moja, chai mezani, kwa maswali yale yale ya wageni. Wawili walilia. Mmoja, aliyekuwa dereva, alisema amekuwa akitamani kupumzika kwa miaka minne ila hakujua mtu anaagaje. Alishukuriwa, akaagwa vizuri, akapumzika. Dobi alijaza fomu yake. Palipoulizwa ni kitu gani hawezi kukivumilia, aliandika kwa herufi zake kubwa kwamba hawezi kifo ambacho baada yake hana wa kuongea naye. Ndiyo sababu mpaka leo, mgonjwa wetu akifariki, aliyekuwa naye hapewi nyumba nyingine siku hiyo, na watu wawili humfuata kwake.

Wiki ya tisa Mwalimu alimtumia ujumbe kupitia binti, maneno matatu tu: "Limeacha kuuma sasa."

Wifi alirudi kwenye chama kabla ya Dobi, kwa kuwa mratibu hakuacha kumwuliza hali. Alianza na wagonjwa wengine. Kisha Mwalimu mwenyewe akamwitisha, na Dobi aliporuhusiwa kurudi alikuta siku zimegawanywa, Jumanne ni ya wifi, Ijumaa ni yake. Aliniapia kwamba siku alipouona mgawanyo huo ukutani, roho ilimchoma vilevile. Hakupona wivu, na hakuwahi kunidanganya kwamba amepona. Alisema wivu ni kama doa la kutu. Halitoki kwa sabuni yoyote, ila ukishajua liko wapi unaweza kulikunjia ndani lisimchafue mwingine. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba sasa ukimpanda alikwenda kumwambia mratibu, naye mratibu alikuwa akiacha kazi kumsikiliza.

Yeye na wifi walisalimiana ofisini kama watu wa foleni moja, habari, nzuri, basi. Miezi ikapita hivyo, ukaingia mwaka mwingine. Alhamisi moja mchana Dobi alisikia hodi, akafungua, akamkuta wifi kizingitini na pochi mkononi, uso haujakunjuka.

"Nimekuja," alisema wifi, "lakini ujue bado nina hasira."

Dobi alisogea pembeni kumpisha.

"Basi kasirikia ndani, wifi. Hapo nje jua kali."

Wifi alisimama kidogo, akapima. Kisha akavua viatu, akaingia.